Istilahi za Tiba ya Dharura: Zasikika, au Zasomeka Tu?

Kazi ya kuunda istilahi, kama ilivyozoeleka katika ofisi zetu, ni kazi ya mezani. Mwanaistilahi huketi na orodha ya maneno ya kigeni upande wa kushoto, naye hujaza upande wa kulia. Akiisha kujaza hujiuliza maswali matatu: Je, neno limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha? Je, ni fupi? Je, haligongani na neno jingine la fani hiyo hiyo? Neno likiivuka mitihani hiyo mitatu hupigwa chapa na kusambazwa. Kwa fani nyingi utaratibu huu hauna madhara makubwa. Neno baya la jiometri humtaabisha mwanafunzi kwa juma moja, kisha mwalimu akamfafanulia. Lakini ziko kazi ambazo hazimpi msikilizaji juma moja, wala saa moja. Mojawapo ni kazi ya watu wanaopokea simu za wagonjwa mahututi, wanaoendesha magari ya wagonjwa, na wanaowapokea majeruhi mlangoni mwa hospitali.

Makala haya ni uhakiki wa rasimu ya kitabu cha mafunzo kwa watumishi wa huduma hizo. Rasimu hiyo ililetwa ofisini kwetu ili lugha yake ipewe ithibati. Hatutamtaja mfasiri wala taasisi iliyomtuma, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Mengi tumeyatenda sisi wenyewe katika orodha zetu, na baadhi ya wenzetu ofisini waliona kwamba rasimu ipitishwe kama ilivyo maadam sarufi yake haina dosari. Ni kweli, sarufi haina dosari. Hoja yetu ni kwamba katika fani hii sarufi peke yake haitoshi: istilahi ya tiba ya dharura ni neno la kusikiwa kabla ya kuwa neno la kusomwa, na hapana budi ipimwe kwa sikio la mtu aliyefadhaika.

Haja ya istilahi hizi si ndogo wala si ya kesho. Mwaka 2010 ilifunguliwa idara ya tiba ya dharura katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na tangu hapo madaktari na wauguzi wa fani hiyo wamekuwa wakifundishwa hapa hapa nchini. Mwaka 2022 ulizinduliwa kitaifa mpango wa m-mama wa kuwasafirisha kwa dharura wanawake wajawazito, waliojifungua, na watoto wachanga. Katika mpango huo simu hupigwa bila malipo kwa namba 115. Anayeipokea huuliza maswali, hupima uzito wa hali, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana humwita dereva wa jamii, yaani mwananchi mwenye gari lake aliyekubali kufanya kazi hiyo kwa malipo. Basi tazama mnyororo huo: ndugu wa mgonjwa, mhudumu wa zahanati, mpokea simu, dereva, muuguzi wa hospitali ya rufaa. Watu watano, elimu tano mbalimbali, na lugha moja inayowaunganisha ni Kiswahili. Neno likieleweka kwa namna mbili katika pingu moja tu ya mnyororo huo, anayelipa gharama ni mgonjwa.

Mwandishi wa makala haya alipata ruhusa ya kuketi usiku mmoja katika chumba cha kupokea simu za namna hiyo, katika mkoa mmoja wa bara. Simu moja ilipigwa na mama mtu mzima. Alisema, “Mkaza mwanangu amezimia tangu alipojifungua.” Mpokea simu alikuwa na karatasi mbele yake yenye neno “kupoteza fahamu” na kisanduku cha kuwekea alama. Hakuliuliza neno lile. Aliuliza, “Mama, ukimwita jina lake anaitika?” Akajibiwa kwamba anaitika kwa shida. “Kifua kinapanda na kushuka?” Kinapanda. “Kanga aliyolalia imelowa damu?” Hapo yule mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hiyo ni kanga ya tatu. Gari likaagizwa papo hapo, na zahanati ya karibu ikapigiwa simu.

Tulipomuuliza kwa nini hakulitumia neno la karatasi, alitujibu kwamba kuzimia kwa watu wengine ni kusinzia, kwa wengine ni kuanguka, na kwa wengine ni namna ya upole ya kusema kwamba mtu amekufa. “Lakini kuitika,” alisema, “kila mtu anakujua.” Jibu hilo lilitufunza jambo ambalo hatukuwa tumelipata katika semina zetu. Tulirudi tukaisoma rasimu upya kwa kipimo hicho.

Tuanze na jina la fani yenyewe. Neno “dharura” limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni jambo la lazima lisiloepukika. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilitumia kwa hali inayomhalalishia mtu kile ambacho kwa kawaida hakiruhusiwi. Kwetu limepanuka. Twasema “kikao cha dharura” kwa kikao ambacho hakikupangwa, twasema “hali ya dharura” kwa amri ya serikali, kama ile iliyotangazwa Kenya mwaka 1952, na mtumishi asiyetaka kueleza kwa nini hakufika kazini husema “nilipata dharura.” Rasimu yaagiza: “Mwambie mpigaji aeleze dharura yake.” Kwa sikio la mwananchi hayo ni sawa na kumwambia aeleze udhuru wake. Hatusemi neno lifutwe, kwa kuwa limekwisha kuota mizizi katika majina ya idara na vitengo. Twasema libaki katika jina la idara, na katika maswali ya simu nafasi yake ichukuliwe na swali ambalo kila mtu analijua: “Mgonjwa ana nini?”

Neno la pili ni zito zaidi. Rasimu yasema: “Mgonjwa mwenye mshtuko alazwe chali, afunikwe, wala asipewe kinywaji.” Mwandishi wa kitabu cha asili alikusudia hali ambayo damu haizunguki mwilini kwa kiasi cha kutosha, labda kwa sababu nyingi imevuja. Ngozi hupoa, jasho hutoka, mapigo ya moyo huenda mbio nayo huwa hafifu. Mtu akiachwa katika hali hiyo hufa. Lakini Mswahili akisikia “mshtuko” huelewa hofu ya ghafla: mtu ameona ajali, au ameletewa habari ya msiba. Dawa yake inajulikana kila nyumba: mpepee, mpe maji anywe, mwambie apige moyo konde. Kwa hiyo neno hili halikosi tu kueleza. Linamwelekeza msikilizaji afanye kile hasa ambacho sentensi yenyewe inakikataza. Twapendekeza “kuzorota kwa mzunguko wa damu” kwa ajili ya kitabu, na kwa ajili ya simu dalili zenyewe: mwili wa baridi, jasho, mapigo ya mbio yaliyo hafifu.

Kosa hilo lina ndugu yake katika magazeti yetu. “Mshtuko wa moyo” huandikwa kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo damu. Mara nyingi mgonjwa huyu yu macho, hushika kifua, na huweza kusema anapoumia. La pili ni moyo kuacha kusukuma damu. Huyu ameanguka, haitiki, hapumui kama kawaida, na anayemkuta hana budi kuanza kumkandamiza kifua bila kungoja gari. Wa kwanza apumzishwe, wa pili akandamizwe: anayeyachanganya atamwacha mmoja wao bila msaada. Rasimu imeyaita yote mawili kwa jina moja katika kurasa mbili zinazofuatana. Lugha ilikwisha kutupa majina mazuri, “mshipa wa moyo kuziba” na “moyo kusimama.” La pili hasa ni kamilifu: ni fupi, halina utata, na alisikiaye hujua kwamba hakuna muda.

Tuje kwenye kazi ya kuwapanga majeruhi wengi wanaofika kwa mara moja, kama inavyotokea basi linapopinduka katika barabara ya Morogoro. Utaratibu huu ulipata jina lake katika Kifaransa, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutenga vitu kwa aina zake. Asili yake huhusishwa na Dominique-Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, ambaye mwishoni mwa karne ya 18 aliunda magari mepesi ya farasi ya kuwatoa majeruhi vitani, akasisitiza kwamba atibiwe kwanza aliyeumia zaidi, awe jemadari au askari wa kawaida. Rasimu imeuita utaratibu huo “uchujaji wa majeruhi.” Kitenzi “kuchuja” kinafaa kwa nazi na chai. Kikihamia kwa binadamu humaanisha kuondoa wasiofaa: mgombea aliyechujwa amekatwa, na mwanafunzi aliyechujwa amerudi kwao. Fikiria jamaa aliyekaa kwenye benchi akisikia muuguzi akimwambia mwenzake, “Yule mzee wa shati la kijani tumekwisha mchuja.” Ugomvi utakaozuka si wa ujinga, jamaa huyo amekielewa Kiswahili barabara kuliko mfasiri.

Twapendekeza “kupambanua majeruhi,” na nomino yake “upambanuzi.” Twakiri kwamba neno hili lina harufu ya kitabu. Ndiyo maana twashauri liandamane na tangazo la maneno ya kawaida, nalo libandikwe ukutani mahali ambapo kila aingiaye atalisoma: “Hapa wagonjwa huonwa kwa uzito wa hali, si kwa foleni.” Wauguzi wa mapokezi hulieleza jambo hilo kutwa kucha, tena kwa watu wenye uchungu. Maneno machache yaliyochaguliwa vema yangewapunguzia nusu ya matusi.

Yapo makosa ya tafsiri sisisi ambayo hayahitaji maelezo marefu. Rasimu yasema kwamba majeruhi afikishwe hospitali ndani ya “saa ya dhahabu.” Kwa Mswahili saa ya dhahabu huvaliwa mkononi, na huenda ikaibiwa katika ajali hiyo hiyo. “Saa ya kwanza baada ya kuumia” yatosha. Pengine imeandikwa “ishara muhimu” kwa vipimo vya mapigo ya moyo, upumuaji, joto la mwili na msukumo wa damu. Mfasiri amefasiri neno, hakufasiri dhana: vipimo hivyo vimeitwa hivyo kwa kuwa vyahusu uhai, si kwa kuwa ni muhimu kuliko vingine. “Dalili za uhai” ni istilahi ambayo baadhi ya wauguzi wanaitumia tayari. Kadhalika machela imegeuzwa kuwa “kibebeo.” Hatuoni sababu. Neno “machela” lilitujia kutoka kwa Wareno zamani, limekaa nasi, na kila mtu aliyewahi kumbeba mgonjwa kutoka kijijini hadi barabarani analijua. Bidii ya kuunda neno jipya mahali ambapo la zamani lingali hai si ukuzaji wa lugha, ni ubadhirifu wake.

Watumishi wa serikali wataona hatari ya aina nyingine katika jina ambalo rasimu imempa mhudumu anayesafiri na mgonjwa na kumtibu njiani. Ameitwa “tabibu msaidizi.” Lakini tabibu msaidizi ni cheo kilichopo katika utumishi wa afya, chenye mafunzo yake na ngazi yake ya mshahara. Jina hilo likipitishwa, orodha za mishahara na barua za ajira zitavurugika. “Mhudumu wa tiba ya dharura” halijakaliwa na mtu. Kuhusu gari lenyewe, Wakenya husema “ambulensi,” sisi twasema “ambulansi” au “gari la wagonjwa,” na yote yanaeleweka. Tunachokikataa ni ile “gari la kubebea wagonjwa” ya rasimu, ambayo inalifanya kuwa chombo cha uchukuzi tu. Fani yote hii imesimama juu ya wazo kwamba matibabu huanza pale alipolala mgonjwa na kuendelea njiani.

Sasa twafika kwenye maneno ambayo wananchi wameyaunda au kuyapokea bila kutungojea. “Kifafa cha mimba” ni mfano bora. Neno la kwanza laonyesha kinachoonekana, neno la pili laonyesha chanzo na mahali pa kukimbilia. Mkunga na mkwe wa mgonjwa hulisema sawasawa. Rasimu imelihifadhi, nasi twaisifu. Lakini imeliondoa kabisa neno “degedege” na mahali pake kuweka “mtukutiko wa mwili kwa mtoto,” kwa maelezo kwamba degedege ni imani ya kishirikina.

Jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa utulivu. Ni kweli kwamba katika sehemu za pwani degedege limehusishwa na mdudu au ndege na pepo. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuliunganisha na malaria, wakaanzia kwa mganga. Mtoto mwenye malaria kali hawezi kungoja safari hizo mbili. Lakini dawa ya jambo hilo si kulificha neno. Mama anayepiga simu usiku hatasema “mtoto ana mtukutiko.” Atasema “mtoto ana degedege,” na akiulizwa kwa neno asilolijua atadhani kwamba ugonjwa wa mwanawe si wa hospitali. Kwa kulifukuza neno tunathibitisha ile ile imani tunayotaka kuifuta: kwamba degedege ni mambo ya mganga. Neno libaki, lipewe maana mpya hadharani: degedege ni hali ya hatari, na mtoto akimbizwe hospitali mara moja. Istilahi haishindani na imani kwa kujificha; hushindana nayo kwa kukaa mahali pale pale na kusema jambo jingine.

La mwisho si neno bali ni hesabu ya saa. Fomu iliyomo katika rasimu ina mfano huu: “Dawa imetolewa saa 8.” Katika kitabu cha asili ilikuwa saa nane ya wageni, ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi. Mhudumu wa kijijini ataisoma saa nane mchana. Muuguzi aliyezoea saa za kompyuta ataisoma saa mbili asubuhi. Kati yao kuna tofauti ya saa sita, na zipo dawa ambazo kurudiwa mapema kunadhuru, na nyingine ambazo kucheleweshwa kunaua. Twashauri kila fomu ya tiba iandike saa kwa namna mbili pamoja, kwa mfano “saa 2 asubuhi (08.00).” Hakuna mwanaistilahi anayeulizwa habari za saa, kwa kuwa saa si istilahi. Lakini mfasiri aliyepita hapo bila kusimama amekosa kosa kubwa kuliko la “kibebeo.”

Twajua pingamizi litakalotolewa. Wataalamu watasema kwamba sayansi haiwezi kuendeshwa kwa maneno ya jikoni. Kwamba mwanafunzi wa udaktari anahitaji nomino imara ya kuandika katika mtihani, si swali kuhusu kanga iliyolowa. Tunakubali. Hatukusudii kuondoa istilahi za darasani. Tunachosema ni kwamba katika fani hii kila istilahi ya darasani iwe na tamko lake la simu, vyote viwili viandikwe katika ukurasa mmoja, na tamko la simu litangulie. Mwanafunzi akisoma “kuzorota kwa mzunguko wa damu,” aone pembeni yake jinsi jamaa wa mgonjwa atakavyoieleza hali hiyo. Bila hivyo tutapata wahudumu wanaojua jina la ugonjwa na hawautambui unapotajwa na mwenye nyumba.

Aidha twapendekeza mtihani wa nne uongezwe juu ya ile mitatu tuliyoitaja mwanzoni, nao ufanywe kabla ya ithibati yoyote kutolewa kwa vitabu vya namna hii. Istilahi isomwe kwa simu, mara moja tu, kwa mtu asiye mtaalamu. Kisha aulizwe: utafanya nini sasa? Jibu lake likipingana na kitabu, neno limeanguka, hata kama limeundwa kwa ufundi wa kupigiwa mfano. Mtihani huu hauhitaji fungu la fedha. Wahitaji simu mbili na unyenyekevu kidogo kwa upande wetu.

Rasimu tumeirudisha ikiwa na mapendekezo haya, bila ithibati kwa sasa. Tumemshauri mfasiri akae siku chache na madereva na wapokea simu kabla ya kuileta tena, nasi tumejitolea kukaa pamoja naye. Walimu, wauguzi na madereva wanaosoma kurasa hizi waombwa watuletee maneno yanayotumika mahali pao kwa hali hizi, hata kama wanayaona si sanifu.